Daftari Kwanza, Mashine Baadaye

Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana hapa Njinjo kila msimu wa ufuta unapokwisha. Fedha ya ufuta ikishaingia, wenye maduka madogo huanza kushauriana. Huyu ataka simu kubwa, yule ataka uwakala wa kuweka na kutoa fedha, mwingine ataka jokofu, na mwingine kompyuta ya kuandikia mauzo. Mimi sipingi vyombo hivyo. Nisemalo ni kwamba kila chombo kinunuliwe kwa mpango, na mpango huo uanzie katika daftari la duka, si katika maneno matamu ya muuza vyombo.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya kuwarudisha watu nyuma. La hasha! Watu wa Kilwa hawakuanza jana kutumia ufundi katika biashara. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Wareno kuuteka mji ule mwaka 1505. Na katika zama zetu, itazameni M-Pesa. Ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kwanza kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa madeni yao. Watu wakaitumia kupelekeana fedha, na wenye kampuni wakaliona hilo. Ilipofunguliwa rasmi mwezi wa Machi 2007, kazi yake kubwa ikawa ni kutuma fedha nyumbani, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Hapa twajifunza kwamba chombo kilifanikiwa kwa sababu kiliifuata haja ya watu.

Basi haja ya duka dogo la Njinjo ni ipi? Mimi ni mtoto wa muuza duka, na najua kwamba tangu Januari mpaka ufuta uvunwe, nyumba nyingi huishi kwa mkopo wa dukani. Chumvi, sabuni, sukari na mafuta ya kula huchukuliwa kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Duka likianguka, si mwenye duka peke yake atakayeumia, bali mtaa mzima utakosa mahali pa kukimbilia katika miezi ya njaa. Kwa hiyo haja ya kwanza ni kujua nani amechukua nini, lini, na kwa bei gani.

Tufanye hesabu kidogo. Duka likisahau mkopo wa shilingi 500 tu kila siku, kwa mwaka litakuwa limepoteza shilingi 182,500. Hasara hiyo haizuiwi na jokofu, wala na simu kubwa ambayo mwenyewe huitumia kutazama picha. Huzuiwa na daftari na kalamu. Daftari likiisha kuzoeleka kwa miezi mitatu, ndipo mwenye duka ataona kwa macho yake kazi gani inamlemea, na chombo gani kitaipunguza. Kama ni kujumlisha, kikokotoo chatosha. Kama ni kuulizia bei ya jumla na kuagiza bidhaa, simu ndogo ya kitochi itamfaa. Kadhalika sheria ya kodi humtofautisha mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mwenye kumbukumbu hupimwa kwa mauzo yake, na asiye nazo hutozwa kiasi kilichokwisha kupangwa.

Hata biashara ya ufuta wenyewe yatufundisha hivyo. Tangu msimu wa 2024 minada ya ufuta mkoani Lindi imeendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Lakini kabla ya mnunuzi kuonekana mtandaoni, lazima ufuta upimwe, na mkulima apewe stakabadhi. Mtandao haukufuta mizani wala karatasi, bali umejengwa juu yake.

Jambo la pili katika mpango ni kujiuliza: chombo hiki kikinyamaza, duka litafanyaje? Tukumbuke mwezi wa Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika wilaya hii ya Kilwa. Tarehe 12 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zikaharibika, na mtandao ukadorora nchini mwetu na katika nchi jirani. Bidhaa zetu hupita njia ya Nangurukuru kwenda Liwale, na sote twaijua njia hiyo wakati wa masika. Basi anayeweka hesabu zote ndani ya simu, bila nakala katika karatasi, ameliweka duka lake juu ya tawi moja.

Na anayetaka uwakala ajue kwamba wakala huhitaji mitaji miwili kwa pamoja, fedha taslimu mkononi na floti katika simu. Wakati wa malipo ya ufuta watu wengi huja kutoa, hivyo taslimu huisha na floti hujaa. Wakati wa kupeleka fedha kwa watoto walio masomoni mambo hugeuka. Asiyepanga atatoa fedha ya kununulia sukari ili kuwalipa wateja, na siku ya pili rafu zake zitakuwa tupu.

La mwisho latuhusu sisi wanafunzi. Katika nyumba nyingi sisi ndio mafundi. Mzazi hutukabidhi simu na kusema, "Mwanangu, nifanyie." Nasi hufurahi, tukaweka namba ya siri tunayoijua sisi. Naona jambo hili halifai hata kidogo. Mpango unaokwama siku mtoto anapokwenda bweni si mpango. Tena mzazi asiyejua kusoma ujumbe wa malipo ni windo rahisi la matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Yatupasa tuwafundishe wazazi wetu kwa subira, kama walivyotufundisha kutembea, mpaka wafanye wenyewe bila kutuita. Namba ya siri iwe ya mwenye mali.

Wanafunzi wenzangu, likizo hii kila mmoja ambaye kwao kuna duka, genge au mashine ya kusaga na achukue daftari moja, alipige mistari, aandike mauzo, manunuzi na mikopo ya kila siku, na jioni aketi na mzazi wake kuisoma. Walimu wetu wa hesabu na biashara watatuonyesha namna. Wazazi nao nawaomba wasinunue chombo chochote kabla ya kurasa thelathini kujaa. Zikishajaa, zenyewe zitasema kinachotakiwa kununuliwa, na pengine zitasema kwamba hakuna.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuliopelekwa shule kujifunza kuandika, itakuwa aibu mali za wazazi wetu zikipotea hali sisi tupo.