Kisanduku cha Pili Kiwe Tayari

Jamaa zangu wa Maskati, Unguja, Pemba, Mombasa, Dubai na kokote mlikotawanyika.

Katika mashauriano ya familia ya mwezi uliopita ilizuka hoja ambayo yastahiki kujibiwa kwa maandishi. Baadhi yenu mmesema kwamba mchango wa mwaka huu usitumike kununulia mashine ya pili ya kuhifadhia nyaraka, maadam iliyopo yafanya kazi vizuri. Afadhali fedha hizo zigharimie kupiga picha barua zilizobakia. Mimi naona kinyume chake. Mashine ya akiba ndiyo inunuliwe kwanza, na iwe tayari kabla iliyopo haijaharibika.

Kwa wasioijua, mashine hiyo ni kisanduku kidogo chenye diski mbili au zaidi, kilichounganishwa na intaneti ya nyumba, ili aliye London au Unguja afungue yaliyomo akiwa kwake. Ndani ya kisanduku chetu mna barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hati za ndoa, picha, nasaba na kanda za sauti za wazee. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliondoka Unguja na walichoweza kubeba mikononi tu. Karatasi zilizosalimika zimo katika makabati ya nyumba nyingi, katika nchi mbalimbali. Mahali pekee zilipokutana ni humo kisandukuni.

Mwaniambia kwamba diski ni mbili, na ikifa moja imebaki ya pili. Ni kweli, na ni neema. Walakini diski si mashine nzima. Kuna bodi, kuna feni, kuna kifaa cha umeme, na vyote hivyo hufa. Bodi ikiungua, diski zaweza kuwa nzima kabisa na zisisomeke, kwani aghalabu mashine ya kampuni moja haitambui diski zilizopangwa na mashine ya kampuni nyingine. Fundi hodari huenda akazisoma kwa kompyuta, lakini fundi huyo lazima atafutwe, na kazi yake huchukua siku nyingi.

Mnakumbuka yaliyotufika kiangazi cha mwaka juzi. Kisanduku kilichokuwa Al Khoudh kiliungua bodi. Diski zote mbili zilikuwa salama, lakini aina ile ilikuwa haitengenezwi tena, na wiki tano zilipita mpaka tukapata inayofanana nayo. Hapakupotea hata picha moja. Lakini katika wiki hizo shangazi yetu mkubwa wa Unguja, ambaye kila Ijumaa alikuwa akitazama picha katika simu ya mjukuu wake na kututajia majina ya waliomo, aliugua na kufariki. Picha zilirudi, wa kuzitajia majina hayupo tena. Kwa hiyo nasema: nakala hutukinga na upotevu, ilhali mashine iliyo tayari hutukinga na kuchelewa. Na kwetu sisi, ambao wazee wetu waliobaki wahesabika kwa vidole, kuchelewa ni upotevu vilevile.

Tena Maskati si mji wa upole kwa vyombo hivi. Joto la kiangazi huweza kupita nyuzi 45, na wenye nyumba wanaposafiri huzima viyoyozi. Kimbunga cha Gonu, Juni 2007, kilijaza maji mitaa ya Qurum. Na Shaheen, Oktoba 2021, kiliipiga pwani ya Batina. Hata majengo ya fahari hayana ahadi: Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa zama za Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa sababu hizo kisanduku cha pili kisiwekwe kabati moja na cha kwanza. Kikae nyumba nyingine, ghorofa ya juu, kwa jamaa mwingine.

Wako wanaosema tulipie hifadhi ya kampuni za ng'ambo, tupumzike. Siipingi, na iwe nakala ya tatu. Lakini hifadhi hiyo hulipiwa kwa kadi ya mtu mmoja, na mtu hufa. Malipo yakikatika, onyo huja kwa barua pepe ambayo hakuna tena wa kuisoma.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza. Kisanduku kilichokaa katika katoni miaka minne kitatolewa na programu iliyopitwa na wakati, na diski zisizokuwa na lolote la miaka hiyo. Kuwa tayari maana yake ni kwamba kisanduku kiwe kinawaka, na kipokee nakala kila usiku. Kibakishe pia nakala za miezi iliyopita, kwani picha iliyofutwa leo kwa bahati mbaya, kufutwa kwake nako hunakiliwa usiku. Na kila baada ya miezi mitatu mmoja wetu akizime cha kwanza kwa makusudi, kisha afungue katika cha pili barua moja, picha moja na kanda moja. Kisichojaribiwa kisihesabiwe.

Nilifanya kazi ya ukarani zaidi ya miaka thelathini. Zama za taipureta tuliweka karatasi ya kaboni kati ya kurasa mbili, nakala ikapelekwa katika kabati la chumba kingine, na mwenye ufunguo alikuwa na naibu wake. Hakuna aliyeiita nakala ile israfu. Basi nasi maneno ya siri na maelezo ya kuiwasha mashine tuyaandike kwa kalamu, tuyatie katika bahasha mbili, tuwakabidhi vijana wawili wa nyumba mbili tofauti, na vijana hao ndio wafanye majaribio. Haifai sisi wenye miaka sitini na zaidi tuwe ndio pekee tuyajuao mambo haya.

Sisemi kwamba barua zilizobakia hazina thamani. Zimekaa makabatini miaka sitini, na zitaweza kungoja msimu mmoja zaidi. Wazee wa kutueleza zilizokwisha kupigwa picha hawawezi kungoja. Basi mchango wa mwaka huu uende katika kisanduku cha pili, na wa mwaka ujao, inshallah, uende katika barua. Mwenye rai nyingine na aiandike. Naomba tukubaliane kabla ya Ramadhani.