La Mgambo Likilia, Je, Aliyelala Hulisikia?

La mgambo likilia lina jambo. Maneno haya ya wahenga wetu twayatumia kila siku, na aghalabu twasahau kwamba mbiu ya mgambo ilikuwa chombo hasa: pembe ya nyati iliyogongwa kwa kijiti, mpiga mbiu akizunguka nayo mitaani. Pembe haikutaja jambo lenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watu katika shughuli zao wakatega masikio, kisha habari ikafuata kwa ulimi wa mtu. Wazee wetu walijua kwamba kushtua ni kazi moja, na kuarifu ni kazi nyingine.

Naikumbusha methali hii kwa sababu mjadala wa moto katika mabweni ya nchi yetu haujakwisha. Mwezi wa Septemba 2024 wavulana 21 walifariki kwa moto wa usiku katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Kabla ya hapo, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Na hapa kwetu Pwani, hakuna mzazi wa makamo asiyekumbuka Bombolulu, Kwale, mwezi wa Machi 1998, ambako zaidi ya wasichana 20 walifia bwenini, mlango umefungwa na madirisha yametiwa vyuma. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Baada ya msiba wa Endarasha, Wizara ya Elimu iliamuru mabweni ya shule za msingi zaidi ya 300 yafungwe. Mazungumzo yamekuwa juu ya milango, vyuma vya madirisha na msongamano wa vitanda, na ni ya haki yote. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 ulikwisha kuagiza kwamba bweni liwe na milango inayofunguka kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na ving'ora vya moto viwekwe. Lakini hili la king'ora tumelichukua juu juu, kana kwamba kelele ni kelele. Sivyo.

Katika shule nyingi kengele ni rimu ya gurudumu la gari iliyoning'inizwa mtini. Hiyo hiyo huita darasani, hiyo hiyo huita kwenye chakula, na siku ya moto ni hiyo hiyo, ila hugongwa kwa haraka. Mtoto aliyeizoea mchana kutwa ataijuaje usiku wa manane kwamba sasa haiiti uji, yaita uhai? Ndiyo maana mataifa yaliafikiana, mwaka 1987, kuwa na mwendo mmoja wa kamsa ya kuhama jengo: milio mitatu, kimya kidogo, kisha milio mitatu tena. Kila mlio huchukua nusu sekunde, na kimya cha baada ya ule wa tatu ni sekunde moja na nusu. Marekani waliufanya kuwa kanuni tangu 1996. Mshairi hahitaji kufunzwa maana yake: sauti isiyo na mizani ni kelele, na yenye mizani hushikika kichwani hata kwa asiyejua kusoma.

Jambo la pili ni unene wa sauti. Ving'ora vingi vidogo vya moshi vinavyouzwa madukani hulia kwa sauti nyembamba, mitetemo kiasi cha 3,100 kwa sekunde. Huumiza masikio ya aliye macho. Na aliyelala? Huko Melbourne, Australia, mtaalamu Dorothy Bruck na wenzake waliwajaribu watoto wa miaka sita hadi kumi katika usingizi mzito. Sauti nyembamba iliwaamsha zaidi ya nusu kidogo tu. Sauti nzito yenye milio mitatu iliwaamsha zaidi ya tisa katika kila kumi, na sauti ya mtu ikiwaita ilifanya vivyo hivyo, iwe ya mama mzazi au ya mwanamke wasiyemjua. Kwa uchunguzi wa namna hii, kanuni za Marekani tangu 2014 zataka mitambo ya moto katika vyumba vya kulala vya majengo kama mahoteli na mabweni itoe sauti nzito ya mitetemo 520 kwa sekunde, na nguvu yake mtoni iwe si chini ya desibeli 75. Wazee ambao masikio yao yamepoteza sauti nyembamba hufaidika nayo pia. Ama viziwi, taa ya kumweka peke yake haiwaamshi wengi. Kifaa cha kutikisa kitanda hufanya kazi bora zaidi.

Jambo la tatu ni maneno. Mwaka 1991 watafiti Guylène Proulx na Jonathan Sime walieleza majaribio waliyoyafanya katika stesheni ya treni ya chini kwa chini mjini Newcastle, Uingereza. Kengele ilipolia peke yake, watu wengi walibaki pale pale wakitazamana. Walipoambiwa kwa sauti ya mtu kuna nini na waelekee wapi, waliondoka. Nani kati yetu hajaona hayo? King'ora cha gari chalia barabarani hata kikanyamaza chenyewe, na hapana anayegeuka.

Sisi tuliosoma vyuoni habari hii haitushangazi sana. Tulifunzwa kwamba Waislamu wa Madina walipotafuta njia ya kuwakusanya watu kwa swala, ilitajwa kengele, likatajwa baragumu, ukatajwa na moto wa kuwashwa. Kisha Abdullah bin Zaid akaota maneno ya adhana, na Mtume (S.A.W.) akaamuru Bilal afunzwe ayatangaze, kwa kuwa sauti yake ilikuwa bora. Sauti ya mwanadamu, yenye maneno, ndiyo iliyochaguliwa. Na katika adhana ya alfajiri limezidishwa neno kwa ajili ya waliolala, kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Sisemi adhana ni king'ora, hasha. Nasema kwamba umma unaoitwa mara tano kila siku haufai kuwa wa mwisho kuelewa kwamba mwito una adabu zake, na kwamba aliyelala huitwa mwito wake mahsusi.

Basi nawaomba wazazi, walimu na wasimamizi wa shule, na nasema waziwazi, pamoja na madrasa zetu za bweni ambazo aghalabu hazifikiwi na mkaguzi, waulize haya kabla ya kulipa. Je, king'ora hiki ni kizito au ni chembamba? Chalia mara tatu tatu? Chatumika kwa jambo jingine lolote? Kimejaribiwa usiku, watoto wamelala, milango ya bweni imefungwa kama ilivyo desturi? Na ni nani atakayesema kwa sauti yake, "Amkeni, moto, tokeni kwa mlango wa nyuma"? Mtu huyo ajulikane kwa jina, alale karibu, na ufunguo usiwe kwake wala kwa mwingine, kwa kuwa mlango haupasi kufungwa kwa ufunguo watoto wakiwamo ndani.

Najua patakuwa na atakayesema king'ora hakizuii mkono wa mwenye petroli na kiberiti. Kweli, hakizuii. Lakini moshi huua kabla ya moto kufika, na anayeua kwa moshi humkuta mtu usingizini. Tofauti ya aliyetoka na aliyebaki aghalabu ni dakika mbili tatu. Watoto wetu wana haki ya dakika hizo, na mgambo uliao wasiusikie huwa haukuwalilia wao.