Madoa meupe kwenye gari: kabla ya kumgombeza kijana, angalia maji

Gari la nyumbani limeoshwa, linang'aa. Baada ya nusu saa boneti na vioo vimejaa vidoa vyeupe, na kijana aliyeosha anaambiwa hajui kazi. Mara nyingi analaumiwa bure.

Madoa hayo si uchafu alioubakiza. Maji mengi, hasa ya kisima, yana chumvichumvi na chokaa. Tone likikauka juu ya bati la moto, maji hupotea hewani na chokaa hubaki, kama ukoko mweupe ulio ndani ya birika la chai. Ukiachwa juani wiki baada ya wiki, hung'ang'ania rangi hadi gari lipigwe polishi. Kwenye kioo cha mbele ni hatari zaidi: usiku mwanga wa taa za gari linalokuja hutawanyika kwenye madoa, na dereva hamwoni vizuri anayevuka barabara.

Basi osheni asubuhi na mapema au jioni, kivulini, boneti ikiwa imepoa. Andaeni ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa ili mchanga usirudi kwenye rangi. Tumieni shampuu ya gari, kwa sababu sabuni ya kufulia huondoa nta inayolinda rangi. Dodoki libaki bafuni, linakwaruza. Tairi na rimu zioshwe kwanza, kwa kitambaa chake.

Mwagieni gari maji kuondoa vumbi, kisha anzeni kwenye paa mkishuka chini. Osha sehemu moja, suuza, ndipo uende nyingine. Povu lisikaukie hapo. Kama mmekinga maji ya mvua, ndoo moja ya mwisho iwe ya hayo, kwani hayana chokaa.

Sasa kausheni wenyewe, msiliachie jua. Chukueni kitambaa safi, laini, kinachonyonya maji, mkikikamua mara kwa mara. Fungueni milango na buti mfute kingo zake. Msisahau vioo vya pembeni, maana maji hujificha humo na kutiririka baadaye.

Madoa yakiwa yameshaingia, changanya siki nyeupe na maji safi kwa kiasi sawa. Jaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa kwa dakika moja, futa, suuza vizuri, kausha. Usikwangue kwa wembe wala kwa steelwire.

Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anasuuza, mwingine anamfuata nyuma na kitambaa. Mzazi akishika kitambaa hicho, kijana atajifunza zaidi kuliko kwa kugombezwa kutoka barazani.