TAHARIRI: TUZIME TAA, MTOTO WA KASA AFIKE BAHARINI

Ndugu wanaushirika,

Juzi katika darasa la watu wazima ndugu mmoja aliuliza: "Sisi watu wa Newala na Masasi shida yetu ni maji na korosho. Kasa anatuhusu nini?" Swali ni zuri, na lazima lijibiwe hapa ubaoni.

Kila mtu hapa anawajua kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha tunawasha taa, tunaweka beseni la maji chini yake, nao wanakuja wenyewe. Hakuna aliyewaita ila mwanga. Basi mtoto wa kasa naye yuko hivyo hivyo.

Mama kasa hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai kama mia moja, hufukia na kurudi zake baharini. Baada ya kama miezi miwili watoto hutoka, mara nyingi usiku. Hawana mama wa kuwaonyesha njia. Wao hufuata upande wenye mwanga, na tangu zamani upande huo ni bahari, maana maji hung'aa kwa mwezi na nyota, na nchi kavu yenye miti ni giza. Ukiwasha taa nchi kavu wanageuka. Wanahangaika mpaka nguvu zinaisha, kaa wanawala, na jua likitoka linawakausha. Wataalamu wanakadiria kwamba katika watoto elfu moja huenda akakua mmoja tu. Na mama mwenyewe akiona ufuko una taa, huweza kurudi bila kutaga.

Sasa inatuhusu hivi. Gari letu hushuka Msimbati kununua ng'onda. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Safari iliyopita tulilala mchangani, taa zikawaka usiku kucha. Mimi katibu nilikuwamo. Alfajiri tulikuta vitoto vya kasa vimekufa karibu na taa yetu. Tulinyamaza, tukapakia mzigo. Lilikuwa kosa, na mimi sikupaswa kunyamaza.

Tena tukumbuke: gesi ya kule kule Mnazi Bay ndiyo iliyozalisha umeme uliofika mpaka kwetu. Pwani imetupa mwanga, sisi tusiwaulie viumbe wake kwa mwanga.

Kwa hiyo napendekeza kwa mkutano wetu:

1. Wasafiri walale kijijini, wasilale ufukweni.
2. Ikibidi kuwasha taa, iwe ndogo, nyekundu, iwekwe chini na kufunikwa, na izimwe mara kazi ikiisha.
3. Anayeona kasa au mayai asiguse. Sheria za uvuvi zinakataza. Awaarifu watu wa Hifadhi.

Anayepinga aje aseme mkutanoni, siyo kilabuni. Kuzima taa hakuna gharama hata shilingi moja.

Elimu haina mwisho.

Katibu