Turbo Iliyotangulia Gari

Mpwa wangu alinunua turbo kabla hajanunua gari. Aliileta nyumbani kwa dada yangu Ilala, imeviringishwa gazeti kama samaki wa kukaanga, akaiweka juu ya meza ya chakula, sote tukaizunguka kuitazama. "Mjomba," akaniambia, "hii ndiyo rally yenyewe. Mengine yatafuata."

Hayakufuata, na kwa wengi hayafuati. Imani kwamba gari la mashindano ni injini, na kwamba mwenye mfuko mwembamba adundulize nguvu za farasi kama anavyodunduliza matofali ya kiwanja chake cha Chanika, ndiyo inayowamaliza vijana wetu kabla hawajaonja vumbi. Naiita imani kwa sababu ikipigiwa hesabu inakufa.

Tuipigie. Gari alilokuwa akiliwazia ni Toyota Starlet, kigari chepesi cha injini ya cc 1,331, ambacho spea zake unazipata Gerezani ukiwa umefumba macho. Bila turbo, Starlet hiyo inashindana na vigari wenzake. Sasa, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, huzidisha ujazo wa injini ya petroli yenye turbo kwa 1.7 kabla ya kulipangia gari kundi. Chukua 1,331, zidisha, unapata takriban 2,263. Siku mpwa wangu anapofunga turbo yake, Starlet iliyokuwa ikimpeleka mwalimu shuleni inaandikwa kuwa gari la zaidi ya lita 2, na inapelekwa kuchuana na magari ambayo matairi yake manne yana thamani kubwa kuliko yeye na Starlet yake. Ametoa pesa yake mwenyewe kununua adhabu.

Tena farasi hawaji peke yao, wanakuja na njaa. Injini ya kawaida ya Starlet hiyo ina farasi kama 85. Ile ya turbo iliyotoka kiwandani kwenye Starlet ya Glanza ina 135. Hao 50 wa nyongeza wanataka rejeta kubwa, klachi nyingine, giaboksi isiyosaga meno, breki zisizoshika moto mteremkoni. Ukiimarisha kifaa kimoja, uvunjikaji unahamia kwa jirani yake. Nimeona klachi mpya ikikata ekseli, ekseli mpya ikapasua giaboksi, na mwenye gari akarudi kijiweni kusimulia kwa fahari kwamba gari lake "lilikuwa na nguvu mno". Gereji ikaitikia kwa vichwa, kwa sababu gereji haili kwa gari linalofika.

Tumesahau mchezo huu ulivyokuwa hapa kwetu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kushinda kulikuwa ni kufika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mshindi, Nick Nowicki, alikuwa na Peugeot 404. Gari la aina hiyohiyo lilimpa ushindi wa 1966 na 1967 Bert Shankland, Mskoti mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Lilikuwa gari la cc 1,618, na wazee wetu waliifahamu bodi yake kwa kubeba abiria na magunia. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuja na Porsche 911. Joginder Singh wa Kenya alikuwa na Mitsubishi Lancer ya cc 1,600 tu. Kwa mbio za barabara ya lami usingethubutu hata kuyaweka pamoja magari hayo mawili. Lancer ikashinda, Porsche ikawa ya pili. Mwaka 1978 Porsche ikawa ya pili tena.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha 1993. Subaru walileta Vivio, vigari vya cc 660, na kimoja akakabidhiwa Colin McRae, ambaye miaka 2 baadaye alikuwa bingwa wa dunia. McRae hakufika. Patrick Njiru wa Kenya, katika Vivio nyingine, alifika, wa 12 kwa jumla. (Ndiyo, Vivio ilikuwa na supachaja, nimeshaambiwa mara nyingi. Hata ya McRae ilikuwa nayo.)

Najua jibu linalokuja: hayo ni ya kale. Kweli. Safari iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, ina kilomita zisizofika 400 za kupimwa muda, si zile takriban 5,000 za enzi ya Nowicki, na kule mbele kasi ndiyo inayoamua. Mwenye kiwanda nyuma yake anunue farasi anaowataka. Lakini mpwa wangu hashindani na mabingwa kama Sébastien Ogier. Anashindana na mshahara wake, na mshahara huo unaweza kulipia gari kuvunjika mara moja tu.

"Lakini mjomba, tukienda bila turbo tutachekwa."

Tutachekwa, nikamwambia. Tukipita mara ya pili hawatacheka, maana waliocheka nao watakuwa wanavutwa kwa kamba.

Basi shilingi ya kwanza iende wapi? Kwenye kizimba, yale mabomba ya ndani yanayomkinga dereva gari likibiringika, na hapa ndipo subira huniishia. Nimeingiza kichwa ndani ya gari nililoambiwa liko tayari, limepigwa rangi safi, lina stika za kampuni ambazo hazimdhamini mtu, nikakuta kizimba cha bomba la maji kilichochomelewa na fundi wa mageti na madirisha. Simlaumu fundi. Aliagizwa kitu kinachofanana na picha, akatengeneza kinachofanana na picha. FIA wanataka bomba la chuma lililovutwa bila mshono, upinde mkuu uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Vipimo hivyo si urembo. Gari likibiringika, bomba jembamba la mshono huweza kukunjika kama mrija au kufunguka, na linapokunjika ni karibu na shingo yako. Bora hata gari tupu, maana mwenye gari tupu huendesha kwa woga.

Siti vilevile. Siti ya kulala iliyong'olewa kwenye Impreza, hata ikiwa nyekundu, si siti ya mashindano. Zile zenye lebo ya FIA ya 8855-1999 zina tarehe, miaka 5 tangu kutengenezwa, na nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zinauzwa hivyo kwa sababu tarehe imepita. Soma lebo kabla hujaulizia bei.

Kinachobaki kiende chini ya gari: bamba la kukinga sampo, shokapu, springi, bushi mpya kila mahali, chujio la hewa linalojua vumbi letu. Hivyo havipigwi picha. Bamba la sampo mafundi wa Gerezani watalikata vizuri ukiwapa unene, tofauti na kizimba. Halafu petroli ya mazoezi, nyingi kuliko unavyodhani, na rafiki mwenye sauti inayosikika anayeweza kusoma maandishi huku gari likiruka bila kutapika.

Na ukisikia mtu anauza gari lenye kizimba kilichokaguliwa na karatasi zake, linunue hilo, hata kama halina injini. Hasa kama halina injini, maana atashusha bei. Injini ya Starlet utaipata kesho asubuhi kabla ya chai, na ukiiua utapata nyingine.

Gari la namna hiyo tulilipata, baada ya miezi ya kuulizana. Ili kutimiza pesa tuliiuza turbo, kwa hasara kidogo. Mnunuzi alikuwa kijana wa Tabata. Alikuja kwa bodaboda, akaifungua gazeti, akaizungusha feni yake kwa kidole, akaipokea kwa mikono miwili. Nikamuuliza anakwenda kuifunga kwenye gari gani.

Akasema gari bado anatafuta.