Tufunge kwa Mwezi, Tupande kwa Jua

NDUGU Waislamu, mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takriban siku 11. Kwa hiyo Ramadhani haina msimu wake. Mwaka 1999 ilianza Desemba, wakati wa maembe. Mwaka 2012 ilianza Julai, katika baridi ya kipupwe. Mwaka 2024 ilianza Machi, masika yakibisha hodi. Mwaka 2030, Inshaallah, itaandama mara mbili, Januari na Desemba.

Sisi tulio na kazi ya bustani twalijua hili vyema, kwani mche haungoji mwezi mwandamo. Katika Suratur Rahman, Allah (S.W.) ametaja kuwa jua na mwezi vyote huenda kwa hesabu. Wazee wetu wa pwani walizishika hesabu zote mbili: mwezi kwa saumu, Zaka na Hija; na mwaka wa Nairuzi, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, kwa kilimo na safari za majahazi. (Sherehe za Mwaka Kogwa ni jambo jingine, hukumu yake nawaachia masheikh.)

Leo mtoto wa mjini ataitaja tarehe ya Iddi bila kusita, lakini ukimuuliza vuli huanza lini, atakutazama tu. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuzuru mashamba ya viungo ya Unguja, ilhali wapo wakazi wa mjini papo hapo ambao watoto wao hawajauona mkarafuu. Na mkarafuu wenyewe ni msafiri: asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, nao ulifika Unguja mapema katika karne ya 19.

Basi matembezi ya Iddi yasiishie kwenye mabembea na soda. Wazazi wachague bustani moja, iwe ya viungo kule Kizimbani au ile ya Amani, Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902, waizuru mara mbili: Februari katika joto la kaskazi, kisha Mei mvua zikinyesha. Ziara moja haimwoneshi mtoto msimu.

Aidha, baadhi ya madrasa hupanda miti siku ya Maulidi. Nia ni njema, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa alacho ndege, mtu au mnyama katika mti wa Muislamu huandikwa sadaka kwa aliyeupanda. Lakini Maulidi ya mwaka 2025 yaliangukia Septemba, ardhi ingali kavu. Mche wa namna hiyo hupigwa picha, kisha hukauka. Siku ya Maulidi na igawiwe miche ndani ya mifuko yake, itunzwe kivulini kwa maji kidogo kila jioni, mashimo yachimbwe na kutiwa samadi, kisha mche uteremshwe ardhini mvua za vuli zikishalowesha udongo.