"Imepimwa maabara!" Sawa, lakini imepimwa vipi?

Kama umewahi kupita sokoni Ndalu, au Kitale, au Bungoma mjini, yule jamaa wa spika unamjua. Chupa ni moja, magonjwa ni kumi: malaria, minyoo, amiba, taifodi, mgongo, hadi nguvu za kiume. Mwisho anatupa lile neno la kufunga mjadala: "Na hii dawa imepimwa maabara!" Watu wanaingiza mikono mifukoni.

Usimcheke. Huenda hata hadanganyi. Shida ni kwamba neno hilo linaweza kuwa kweli na bado likakulaza hospitali, au likamzika mdogo wako. Na sisi tunaoishi karibu na mpaka wa Uganda tuna sababu ya ziada ya kulielewa.

Kisahani si mwili

Kupima mmea dhidi ya malaria huanza hivi. Majani au magome yanakaushwa, yanasagwa, yanalowekwa kwa maji au spiriti, kisha kile kilichotoka kinakaushwa kiwe unga. Kiasi kidogo cha unga huo kinatiwa kwenye kisahani chenye vishimo, ambamo vimelea vya malaria vinafugwa ndani ya damu ya binadamu kwenye joto la mwili, nyuzi 37. Ufugaji huu uliwezekana mwaka wa 1976, kazi ya William Trager na James Jensen kule New York. Baada ya siku mbili tatu, wataalamu wanaangalia ni kiasi gani cha unga kimeua nusu ya vimelea.

Vimelea vikifa, watu wanashangilia. Lakini hebu mimina Jik kwenye kisahani hicho. Vyote vitakufa. Je, utakunywa Jik?

Ndiyo maana kuna hatua ya pili: je, unga huo unaua pia chembe za mwili wa mtu? Ya tatu ni panya. Wanaambukizwa aina ya malaria iliyogunduliwa mwaka wa 1948 kwa panya wa msituni kule Katanga, Congo, halafu wanapewa dawa. Ya nne ndiyo watu: kwanza wachache wenye afya kuona kama ni salama, kisha wagonjwa wachache, kisha mamia na maelfu. Vitu vingi vinafia njiani.

Kwa hivyo ukiambiwa "imepimwa maabara", huenda ni hatua ya kwanza tu. Au hata hiyo haikufikiwa, chupa ilipimwa kama ina bakteria basi. Kujua kwamba dawa haina uchafu ni kitu kimoja, kujua kwamba inatibu ni kitu kingine.

Nyanya hakukosea

Hakuna anayesema miti haina dawa. Kwinini ilitolewa kwenye gome la mti wa sinkona mwaka wa 1820. Artemisinini, msingi wa dawa za malaria unazopewa leo, ilitoka kwenye mmea wa artemisia. Tu Youyou wa China na wenzake walihangaika nao, leo unafanya kazi, kesho unagoma. Kitabu cha zamani cha tiba kikamkumbusha kwamba wazee waliuloweka kwa maji baridi na kuukamua, hawakuuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akabadilisha njia. Mwaka wa 1971 dawa ikafanya kazi kwa wanyama, na 1972 yeye na wenzake wawili wakaimeza kwanza wao wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Umeona hapo? Mzee alikuwa sahihi kuhusu mmea, lakini bila kupima hatungejua kiasi, njia, wala hatari.

Mpaka uko hapa tu

Sasa tuje nyumbani. Klorokwini, iliyotengenezwa maabara Ujerumani mwaka wa 1934, ilitumika hadi vimelea vikaizoea. Kenya iliiweka kando 1998 ikachukua dawa za aina ya Fansidar, nazo zikachoka. Mwaka wa 2004 tukahamia AL, ile mseto yenye artemisinini.

Vimelea vinavyostahimili artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda, kaskazini mwa Uganda, na Kagera, Tanzania. AL bado inatibu wengi, usije ukaitupa. Lakini kati ya Uganda na sisi kuna Suam, Lwakhakha na Malaba, na malaria inavuka ndani ya damu ya msafiri bila kuonyesha kitambulisho.

Ndiyo sababu chai ya artemisia si mchezo. Kikombe hiki kina dawa nyingi, kile kina kidogo, na kimelea kikionja kidogo bila kufa kinajifunza. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka wa 2019 kwamba haliungi mkono kutumia mmea huo hivyo. Ni kosa lile lile unalofanya ukimeza AL siku moja, ukapata nafuu, ukampa jirani zilizobaki. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Vyote ni vyako.

Na dawa mpya haziji haraka. Ganaplasaidi, ambayo haina uhusiano na artemisinini, ilichujwa kutoka kwa kemikali milioni 2.3. Ilipochanganywa na lumefantrini na kupimwa kwa watu 1,668 katika nchi 12 za Afrika, matokeo ya Novemba 2025 yalionyesha ilitibu asilimia 97.4, dhidi ya 94.0 ya dawa ya sasa. Milioni mbili na zaidi, kikapatikana kimoja.

Maswali ya kumuuliza jamaa wa spika

Ilipimwa kwa kisahani, kwa panya au kwa watu? Nani alipima, na ripoti iko wapi? Mtoto wa kilo 12 anywe kiasi gani? Akianza kupiga kelele badala ya kujibu, umepata jibu. Ukiwa na homa, pima kwanza. Kipimo cha tone la damu hutoa majibu kwa dakika 15 hadi 20.

Swali la mwisho ni la serikali. KEMRI ina kituo cha utafiti wa dawa za kienyeji. Sheria ya mwaka wa 2016 inalinda maarifa ya jadi, kumaanisha nyanya anayeujua mti ana haki yake. Sheria nyingine, ya 2013, inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na hatujawahi kufika hapo. Bila pesa hiyo, mwanafunzi wa kemia pale Kibabii anaweza kuonyesha kwamba mti wa kwao unaua vimelea kwenye kisahani, apate digrii, na mambo yaishie hapo.

Halafu jamaa wa spika anachukua pale alipoachia.